Barua ya wazi kwa Jiji la Tanga: meza za nje zianzie Ngamiani

Kwa Mkurugenzi wa Jiji, Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Meneja wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Wakuu, shikamooni.

Mimi ni mtunza hesabu wa kikoba cha akina mama wanaopika na kuuza chakula Makorora na kwenye zile barabara za Ngamiani zenye namba. Sipiki, na waliowahi kuonja mkono wangu wanashukuru. Kazi yangu ni daftari: nani kanunua hisa, nani kakopa, nani kachelewesha marejesho na kwa sababu gani. Ninayoandika hapa nimeyasoma kwenye hesabu za watu kabla ya kuyafikiri kichwani.

Ombi letu ni hili. Jiji liweke utaratibu rasmi wa kuruhusu migahawa, hoteli ndogo, mabanda ya chipsi na mama lishe kupanga meza na viti nje, mbele ya biashara zao, kwa kibali ambacho mtu wa kawaida anaweza kukilipia. Na utaratibu huo uanzie Ngamiani, Makorora, Mabawa, Duga na Msambweni kabla haujafika Raskazone.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo itakayoleta maneno, kwa hiyo nianze nayo.

Mji huu ulichorwa na watu waliokwishaamua nani akae wapi. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliwaweka Wazungu Raskazone na Bombo, kule ambako upepo wa bahari unafika kwanza. Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, wakakaa katikati kwenye maduka yenye varanda. Waafrika wakapimiwa viwanja Ngamiani, na barabara zao zikapewa namba. Zaidi ya miaka 60 tangu Uhuru, ukitembea kwa miguu kutoka Raskazone hadi Makorora bado unaisoma ramani ile. Kule nyumba imekaa mbali na barabara, kuna mwembe, kuna ukoka, kuna nafasi ya meza ishirini na magari ya wateja juu yake. Katikati ya mji kuna varanda yenye kivuli. Ngamiani kuna baraza ya nyumba ya Kiswahili, halafu mtaro, halafu barabara. Basi.

Sasa mkiandika sheria ndogo inayosema kibali atapewa mwenye mita kadhaa za wazi mbele ya jengo lake, mtakuwa mmempa kibali yule yule aliyepewa nafasi na mkoloni. Hakuna atakayekuwa amekusudia ubaya, lakini ndivyo itakavyokuwa. Na kichekesho ni kwamba hoteli za Raskazone hazihitaji barabara yenu, zina bustani zao. Anayehitaji kipande cha barabara ni yule asiye na bustani.

Kuna atakayesema watu wa Ngamiani wameshakaa nje siku zote bila kibali, wanataka nini tena? Kweli tumekaa. Muuza kahawa na dele lake hajawahi kungoja sheria ndogo. Muhogo wa kuchoma, mishikaki, supu ya pweza, bajia na chatne, vyote huuzwa nje, kwa sababu nyumba zetu zina joto na mteja anataka kukaa aone watu wakipita. Lakini kukaa kwa kuvumiliwa si sawa na kukaa kwa ruhusa. Mwenye ruhusa atanunua meza ya mbao nzito. Anayevumiliwa hununua viti vya plastiki vinavyobebeka haraka, kwa sababu katika miji yetu mingi hajui ni jioni gani gari la mgambo litapita. Mwenye ruhusa anaweza kukopa apake rangi, afunge taa, aweke sinki la kunawia. Anayevumiliwa hakopi kwa ajili ya mahali, hukopa kwa ajili ya mchele. Hili naliona kwenye daftari kila mzunguko. Mikopo yetu karibu yote huishia kwenye bidhaa ya siku mbili tatu, kwa nadra sana kwenye kitu cha kudumu, na wanaokopa si wajinga.

Na kama mnataka kuona kwamba jambo hili linawezekana, ngojeni Ramadhani. Kuanzia alasiri, meza za futari zinatoka mpaka kwenye mitaa ambayo siku nyingine hazionekani: tambi, kaimati, sambusa, viazi vya nazi, uji wa pilipili manga. Watu wamejaa, baiskeli zinapita, bajaji zinapita, na ikiadhiniwa Magharibi kila mtu anajua pa kusimama. Mwezi mzima mji unakula nje kwa utaratibu uliopangwa na wenyewe. Sijasikia mtu akiuita uvamizi wa barabara. Mwezi ukiandama wa Shawwal, meza ile ile, ya mama yule yule, inarudi kuwa kosa.

Niwapeleke mbali kidogo, maana kuna mahali jambo hili limejaribiwa kwa wingi na makosa yake yanaonekana. Kabla ya Korona, New York ilikuwa na migahawa elfu moja na ziada yenye vibali vya kuweka meza kando ya njia, na sehemu kubwa ilikuwa Manhattan, katikati ya jiji lile, kwa wenye uwezo. Mitaa mingi ya Bronx, Queens na Brooklyn ilizuiwa na taratibu za mipango miji, au gharama na mizunguko ya kibali iliwashinda wenye migahawa. Juni 2020, watu walipokuwa hawaruhusiwi kula ndani, jiji likafungua mlango: unajaza fomu mtandaoni, unathibitisha mwenyewe kwamba umetimiza masharti, hulipi ada, unaweka meza. Wakajitokeza zaidi ya 10,000. Mitaa ya wahamiaji na ya watu wa kipato cha chini, ambayo haikuwahi kuona meza ya nje yenye baraka za serikali, ikawa nayo.

Kisha mwaka 2023 ikaja sheria ya kudumu, na karatasi zikarudi. Ada ya maombi dola 1,050 kwa kibali cha aina moja, michoro, vikao vya hadhara. Meza zilizo ndani ya barabara zikatakiwa ziondolewe kila mwaka mwishoni mwa Novemba na zisirudi mpaka Aprili, kwa hiyo lazima uwe na stoo ya kuweka mbao zako au ulipie ya mwenzako. Idadi ya waliobaki ikashuka vibaya. Wenzetu wale walifanya na jambo la haki, nalisema: ada ya eneo waliipanga kwa mtaa, kuanzia dola 6 hadi 31 kwa futi moja ya mraba kwa meza za kando ya njia, na sehemu ghali ikawa Manhattan ya kusini. Lakini haki ile ilikuwa kwenye gharama moja tu. Fomu ilikuwa ile ile kwa wote, na anayechora ramani haulizi mteja wake anatoka mtaa gani.

Philadelphia, jiji jingine la Marekani, wao waliliweka wazi zaidi. Sheria yao ya mwisho wa 2021 iliruhusu meza za barabarani moja kwa moja katikati ya jiji na maeneo mengine machache. Kwingineko mgahawa ulitakiwa kupata sheria mahususi kupitia diwani wa eneo lake. Mji uliokuwa na mamia ya meza hizo ukabaki na makumi. Fikirini mama wa Duga anayeuza maandazi akiambiwa kibali chake kinangoja kikao cha Baraza la Madiwani.

Nimeyataja haya kwa sababu kinachomtoa mdogo kwenye mpango wa namna hii mara nyingi si bei ya meza, ni gharama ya karatasi. Hapa kwetu sahani ya wali maharage ni shilingi 1,500, na mboga ya samaki inapanda kidogo. Mama akifunga biashara siku moja kufuata mhuri, amepoteza mauzo ya siku nzima, na chakula hakilali. Akiambiwa arudi kesho kwa sababu mhusika yuko kwenye semina, amepoteza siku mbili na mtaji wa nyanya.

Na milango ni mingi. Leseni ya biashara ni ya Jiji. Njia ya waenda kwa miguu iko chini ya TARURA tangu wakala huo uanzishwe 2017, na kama ni barabara kuu, ni TANROADS, wakala wa barabara hizo. Afya za wapishi zinapimwa kwa utaratibu wa ofisa afya. Majengo ya chakula yako TBS, shirika la viwango, tangu 2019, kazi hiyo ilipoondolewa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kila mlango una sababu yake na sina ugomvi nao. Ninachoomba ni kwamba muingie nyinyi kwenye milango hiyo, mara moja, kwa niaba ya mtaa mzima. Jiji na TARURA wakae, watembee barabara kwa barabara, wakubaliane wapi meza zinaweza kukaa na wapi haziwezi, waorodheshe. Baada ya hapo mama aende kwa Mtendaji wa Mtaa wake, aandikishwe, alipie kwa simu, aondoke na karatasi siku hiyo hiyo. Ofisa afya amfuate kwenye meza yake, ambako ndiko sufuria zilipo, badala ya yeye kumfuata ofisini.

Vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vilikuwa na kasoro, na wapo waliolipa wasione walichonunua. Hata hivyo karatasi ilikuwa moja, bei moja, na watu walijitokeza kuilipia. Ada ya meza za nje iwe ya namna hiyo kwa wadogo, ihesabiwe kwa idadi ya viti, na mwenye viti sita asilipe sawa na mwenye sitini. Wa mitaa yenye bei za juu alipe zaidi, kwa fomu fupi ile ile.

Sasa jambo ambalo sijaliona likizungumzwa, na kwangu ndilo zito kuliko yote: kibali kiandikwe jina la nani?

Wengi wa wapishi wetu ni wapangaji. Amekodi chumba cha mbele, au amekodi baraza tu, kwa maneno ya mdomo na mwenye nyumba. Siku baraza ile ikipata kibali cha Jiji, thamani yake imepanda, na madalali wa mji huu wana pua. Mwenye nyumba ataongeza kodi, au atadai kilemba, au atasema mtoto wake naye anataka kufungua biashara. Mama aliyekaa pale miaka, aliyeijenga sifa ya pale kwa mkono wake, ataondoka na sufuria zake, na kibali kitabaki ukutani. Mkidai barua ya ridhaa ya mwenye nyumba kama sharti, mmemkabidhi mwenye nyumba rungu. Naomba kibali kifuate mpishi. Akihama barabara, ahame nacho, mradi anakokwenda kumo kwenye orodha ya barabara zilizokubaliwa. Mwenye nyumba ana haki yake ya kodi kwa kilicho chake, lakini kipande cha barabara ya umma hakikuwa chake jana na kisiwe chake leo kwa sababu mama kaweka benchi.

Kuna na suala la kipi kinatangulia, meza au huduma. Mtaa usio na taa hauwezi kuweka meza za usiku hata ukipewa vibali mia. Mradi wa miji ya kimkakati, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitupa lami, taa na mifereji kwenye baadhi ya barabara, na zile zilizopata zimechangamka, kila mtu anaona. Zilizokosa zimekosa. Kama kigezo cha kuingia kwenye mpango ni kuwa na taa, mfereji uliofunikwa na gari la taka linalopita, basi mtaa ulionyimwa hivyo vitu unanyimwa tena kwa kuwa ulinyimwa. Ada zitakazokusanywa kwenye meza ziwe na fungu linalorudi mtaani kwao kufunika mitaro na kufunga taa. Masika ikianza, mtaro wazi na meza ya chakula haviwezi kuwa majirani, hilo nakubaliana na ofisa afya yeyote.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzuri. Nzuri kuliko zote ni ya anayetembea. Tuna wasioona, tuna wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu na viti vya magurudumu, tuna akina mama wenye watoto mgongoni, na Tanga ni mji wa baiskeli. Meza ikimsukuma mlemavu aingie barabarani kupishana na bodaboda, hiyo meza iondoke, hata kama ni ya shangazi yangu. Dawa yake ni mstari wa rangi. Jiji lichore mstari chini, libakize walau mita moja na nusu ya kupita, na kiti kikivuka mstari faini ijulikane ni kiasi gani, iandikwe, itolewe risiti. Mstari unasomeka na asiyejua kusoma, na unamzuia hata ofisa mwenye hasira asibuni kosa jipya jioni ile.

Moshi nao ni hoja. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sawa, lakini jiko la gesi la biashara na mtungi mkubwa ni pesa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na sasa imerejea. Kibali cha meza kingeweza kuwa ndiyo dhamana ya kuipata: mwenye kibali anajulikana alipo na anauza nini, kwa hiyo akopeshwe jiko, meza na mwavuli. Kuhusu muziki na pombe nitasema kwa kifupi. Saa ya kufunga iwekwe, karibu na misikiti na makanisa pawe na masharti yake, na leseni ya vileo ina sheria yake na ibaki huko. Kibali cha meza kisiwe mlango wa nyuma wa kufungulia baa.

Najua jibu moja limeshaandaliwa, maana ndilo jibu la miji yote: tutawatengea eneo maalumu. Wakuu, eneo maalumu ni zuri kwa mgeni. Forodhani ya Unguja, tangu ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, ni mahali pa kupeleka wageni jioni, na bustani yetu ya Jamhuri pale kwenye mnara wa saa ingeweza kupata uhai wa namna hiyo. Fanyeni, nitakuja kula. Ila fundi cherehani wa Makorora hapandi bajaji kwenda bandarini kutafuta chai na chapati. Anataka pale nje, dakika kumi, arudi kwenye mashine. Jengo la Machinga pale Ilala, Dar es Salaam, lilikaa miaka mingi na vizimba vitupu kwa sababu wafanyabiashara walihamishwa na wateja hawakuhamishwa. Chakula cha mtaani ni cha mtaa huo.

Madaraka ya kufanya haya mnayo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji ya 1982 inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuzipeleka kwa Waziri. Mkitaka kuanza kidogo, chagueni barabara chache za Ngamiani na mtaa mmoja Makorora, tangu kaskazi mpaka masika ipite, ili muone kiangazi na mvua. Vibali vya muda viwe bure kipindi hicho. Mkiona fujo, futeni. Mkiona ushuru umeongezeka na mtaa umekuwa salama kwa sababu kuna macho barabarani hadi saa nne usiku, andikeni sheria.

Mkitaka kutusikiliza kabla ya kuandika, tuko tayari, na tutakuja na madaftari. Tunaomba tu kikao kisiwe saa nne asubuhi. Saa hiyo ndiyo wali unapakuliwa kwa mafundi. Kiwe saa kumi alasiri, ofisi ya mtaa, na mwaliko ubandikwe sokoni Mgandini na Ngamiani, usiishie kwenye kundi la WhatsApp la viongozi.

Wenu katika ujenzi wa Jiji,

Mtunza hesabu wa kikoba cha mama lishe,
Makorora, Tanga